Wakala wa ajira akikusukuma, jiulize analipwa na nani

Jumapili iliyopita nilikuwa Nkuhungu, nyumbani kwa shangazi. Binti yake wa pili, aliyemaliza shahada ya uhasibu Chuo Kikuu cha Dodoma, alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya jiko akichambua majani ya mlenda. Simu alikuwa ameiweka juu ya ndoo ya maji iliyofunikwa. Kabla sinia moja halijaisha, ile simu ilikuwa imeita mara sita, namba ileile. Mara ya saba akapokea, akaweka spika kwa sababu vidole vilikuwa vimejaa utelezi.

"Dada yangu, mbona unaniangusha? Nimeshampelekea bosi jina lako. Nimemwambia huyu binti namfahamu, ni mtu wangu. Sasa naonekana mwongo."

"Samahani kaka, nilikuwa bado natafakari."

"Unatafakari nini? Kuna watu watatu wanaililia hiyo nafasi. Saa kumi jioni mfumo unafungwa. Nikubalie tu, mengine tutayamaliza mbele ya safari."

"Sawa kaka. Nitaangalia."

Akakata. Kisha akanigeukia na kuniuliza, kwa uso wa mtu aliyekosea kweli: "Kaka, nimemuaibisha?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike. Wakala huyo binti hajawahi kumwona. Jina la kampuni hajatajiwa. Anachojua ni kwamba ni "kampuni kubwa, ofisi ziko Ihumwa", na mshahara ni milioni moja na laki mbili. Anatakiwa aache kibarua chake cha kushika hesabu kwenye duka la vifaa vya ujenzi na aripoti Jumatatu ya wiki inayofuata. Na kati ya watu hao wawili, anayeona haya ni yeye.

Sisi wa Dodoma madalali tunawajua. Tangu Julai 2016, Rais Magufuli alipotangaza kwamba serikali yote inahamia hapa, vyumba vya Kisasa, Ilazo na Area D vikawa vinagombaniwa, na dalali wa nyumba akawa mtu wa lazima katika maisha ya mji. Tumejifunza maneno yake. Akisema "kuna mama anakuja na hela saa hii hii", tunaendelea kufungua bomba tuone kama maji yanatoka. Akisema "mwenye nyumba hana shida", tunauliza majirani. Hakuna anayemchukia dalali kwa hilo, na hakuna anayeona haya kumwambia chumba sijakipenda. Lakini dalali huyohuyo akija kwa simu, akajiita mshauri wa ajira, akataja "bosi" na "mfumo" na "makao makuu", ule ujuzi wote tunauweka pembeni. Bomba hatufungui.

Kuna tofauti moja kati yao ambayo ndiyo kiini cha jambo. Dalali wa nyumba hulipwa na mpangaji, kwa kawaida kodi ya mwezi mmoja. Wakala wa ajira anayefanya kazi yake kihalali hulipwa na mwajiri. Malipo yake mara nyingi huwa asilimia fulani ya mshahara wa mwaka wa kwanza wa mtu aliyempeleka. Asilimia 15 hadi 25 ni kiwango cha kawaida katika biashara hiyo duniani. Chukua ule mshahara wa binti wa shangazi. Milioni moja na laki mbili kwa mwezi ni 14,400,000 kwa mwaka. Asilimia 20 yake ni 2,880,000. Hizo ndizo zilizokuwa zinaita juu ya ndoo. Akikubali na kuripoti kazini, wakala anapata. Akisema hapana, au akichelewa na mwingine akawahishwa na wakala mwingine, hapati hata senti, na muda wake wote umepotea.

Ukilijua hilo, kila msukumo unapata maelezo yake. Anataka ukubali leo kwa sababu mara nyingi mwajiri amewapa kazi hiyohiyo mawakala wawili au watatu, na anayewahi kufikisha jina ndiye anayehesabiwa. Anakuambia usiongee na mawakala wengine kwa sababu wasifu wako ukifika kwa mwajiri kupitia njia mbili, mawakala watagombania malipo, na mwajiri asiyetaka kesi anakuweka kando wewe. Hasara hiyo ni yako, ingawa hukugombana na mtu. Halafu kuna jambo wanaotafuta kazi wengi hawalijui: wakala hutoa dhamana. Mtu akiondoka ndani ya miezi michache ya mwanzo, mara nyingi mitatu, wakala humtafuta mwingine bila malipo au hurudisha fedha. Ndiyo maana baada ya kuanza kazi anakupigia kila wiki, "vipi dada, unaendeleaje huko?", na siku dhamana inapoisha simu nazo zinaisha.

Simwiti mwizi kwa hilo. Anafanya biashara, na biashara ina haki yake. Ninachokataa ni vijana wetu kuamini kwamba haraka yake ni fadhila anayowafanyia.

Uhaba ndio mtaji wa mtu huyu. Nakumbuka Juni 2014, vijana zaidi ya 10,000 walipojaa Uwanja wa Taifa Dar es Salaam kwa usaili wa Idara ya Uhamiaji, na nafasi zilikuwa 70. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596, walioomba wakapita 135,000. Hapa Dodoma tunayaona kwa macho, kwa kuwa usaili wa utumishi wa umma mara nyingine hufanyika mjini kwetu. Vijana wanateremka Nanenane alfajiri na mabasi ya mikoani, mkononi bahasha ya kaki yenye vyeti halisi, wakiuliza daladala za kwenda chuo kikuu. Mtu aliyetoka kwenye foleni ya namna hiyo, akipigiwa simu na sauti inayomwambia "wewe ndiye tunayekutaka", atauliza nini? Ataona kuuliza ni kufuru. Wakala anajua hilo kuliko sisi. "Kuna watu watatu wanaililia" ni sentensi inayofanya kazi kwa sababu kila mmoja wetu amewaona hao watu watatu, tena amewaona maelfu.

Lakini uhaba peke yake hautoshi kueleza. Kuna adabu pia. Katika Kiswahili chetu cha kila siku neno "hapana" kavu linauma, kwa hiyo tumetengeneza njia za kulizunguka: nitaangalia, tutaona, nitakujulisha, Mungu akipenda. Jirani anayekukopa ukimwambia "nitaangalia" ameelewa, na heshima yake imebaki. Wakala haelewi hivyo, au anaelewa na anajifanya haelewi. Kwake "nitaangalia" ni mlango ulioachwa wazi, atarudi kesho saa mbili asubuhi. Na anatumia lugha ya undugu kuusukuma: usiniangushe, nimekuamini, wewe ni mtu wangu. Maneno hayo yana uzito kwetu. Yanasemwa na mjomba aliyekulipia ada. Mtu ambaye hujawahi kunywa naye hata chai hana haki ya kuyatumia. Wazee walituambia tukatae neno, tusikatae wito. Tumeshika sehemu ya pili vizuri sana, simu zote tunapokea. Sehemu ya kwanza, ya kukataa neno, hatukufundishana.

Nami sikufundishwa. Mwaka 2019 nilikuwa na kazi hapahapa Dodoma, katika kampuni ya pembejeo za kilimo. Mshahara haukuwa mkubwa, lakini nilikuwa nimekaa miaka minne na bosi wangu alinijua. Wakala mmoja wa Dar es Salaam alinipigia siku tisa mfululizo. Siku ya tisa nilikuwa kwenye daladala ya Area C, nimesimama, akaniambia mwajiri anataka jibu kabla sijashuka. Nikasema ndiyo mbele ya abiria wote. Nakumbuka mama mmoja alinipongeza.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi atoe taarifa ya siku 28 akitaka kuacha. Wakala akasema siku 28 ni nyingi, nafasi itaondoka, nilipe mshahara wa mwezi badala ya taarifa. Nikalipa. Nilimuaga bosi wangu kwa barua ya mistari mitatu niliyoipitisha chini ya mlango, jambo ambalo mpaka leo likinijia usiku hulala vibaya. Nikahamia Dar, nikapanga chumba, nikalipa kodi ya miezi sita. Mwezi wa tano nikaitwa ofisini nikaambiwa mradi niliokuja kuufanyia kazi umesitishwa, na mimi bado nilikuwa kwenye kipindi cha majaribio. Nilipomwona rafiki yangu mwanasheria alinifungulia ile sheria kwenye kifungu cha 35 na kuniachia nisome mwenyewe: kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haikumhusu mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri huyo. Miaka yangu minne Dodoma ilikuwa na kinga hiyo. Niliiacha kwenye daladala.

Nilimpigia wakala. Hakupokea. Miezi mitatu ya dhamana yake ilikuwa imeshapita.

Kwa hiyo ninapomwona binti wa shangazi anaambiwa aache kazi ndani ya wiki moja, sioni habari ya kazi mpya tu. Naona mtu anayetakiwa aweke chini ngazi aliyokwisha kuipanda, aanzie ardhini, na anayemwambia afanye hivyo hatakuwepo ngazi ikitikisika. Huenda kazi mpya ni nzuri. Huenda inafaa kuifuata hata kwa hatari hiyo. Lakini hilo ni jambo la kulifikiria usiku mzima, na kuliuliza kwa mama, na kuandikiwa. Si la saa kumi jioni.

Jioni ile baada ya kula tuliomba daftari la mdogo wake tukapiga hesabu, kwa sababu aliniambia ameanza kutafuta chumba cha kujitegemea Ipagala kwa kutegemea ile milioni na laki mbili. Nikamuuliza kama ni kabla ya makato au ni ya mkononi. Hakujua, hakuuliza. Tukaandika. Mshahara 1,200,000. Mchango wa hifadhi ya jamii asilimia 10, yaani 120,000. Inabaki 1,080,000 ya kukatwa kodi, na kwa viwango vya kodi ya mshahara tulivyovizoea hiyo inatoa 152,000. Halafu Bodi ya Mikopo: alisoma kwa mkopo, na mwajiri anatakiwa kukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 180,000. Akatoa moja baada ya nyingine kwa penseli. Chini kabisa ikabaki 748,000. Aliitazama namba ile muda mrefu, kisha akarudia hesabu kutoka juu, akaipata ileile.

Laki saba na elfu arobaini na nane bado ni hela nzuri kwa msichana anayeanza. Hakuna aliyemdanganya kwa maana ya kisheria. Lakini wakala hakumtajia namba hiyo, na hakuwa na sababu ya kuitaja, maana malipo yake yanahesabiwa kwenye ile ya juu.

Liko pia suala la taarifa zake. Wasifu wake, wenye namba ya NIDA, tarehe ya kuzaliwa, simu ya mama yake na picha, ulikwishatumwa kwa "bosi" kabla hajakubali chochote. Ametumiwa nani? Kwa njia gani? Nani mwingine anao? Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume inayoisimamia makao yake yako hapahapa Dodoma. Anayekusanya taarifa zako anatakiwa akuambie anazikusanya kwa kazi gani, na abaki kwenye kazi hiyo. Kusambaza wasifu wa mtu kwa waajiri ambao hajawakubali ni kinyume cha roho ya sheria hiyo. Ushauri wangu ni mdogo tu: namba ya NIDA na simu za wazazi hazina kazi kwenye wasifu wa kwanza. Mwajiri atazihitaji siku ya mkataba, atazipata siku hiyo.

Kuhusu wanaodai hela nitasema kwa ufupi, kwa sababu hapo hakuna cha kuchambua. Hela ya fomu, hela ya kipimo cha afya, hela ya "kumwona mtu wa utumishi", zote ni jibu tosha. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, uliweka msingi kwamba wakala asimtoze mfanyakazi ada, iwe moja kwa moja au kwa kuzunguka, ukiacha vighairi vichache. Sheria yetu ya mwaka 1999 ya kukuza huduma za ajira inataka wakala binafsi awe amesajiliwa. Kwa nafasi nyingi za serikali mlango ni mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, na kuomba humo ni bure. Anayekuambia tuma kwenye namba hii ili jina lipite, hana jina wala mlango.

Anayenisumbua zaidi ni yule halali, mwenye ofisi na leseni, ambaye kazi anayoiuza ipo kweli, lakini namna anavyoisukuma inamfanya mtu ashindwe kuichagua. Yeye ndiye anayeweza kubadilika. Na wapo waliobadilika au waliokuwa hivyo tangu mwanzo. Baada ya kurudi Dodoma nilipigiwa na wakala mwingine, mwanamke, sauti ya taratibu. Kabla sijauliza aliniambia jina la mwajiri, akaniambia mtu aliyekuwa kwenye nafasi hiyo ameondoka kwa sababu ya safari nyingi za vijijini, akaniuliza kama nina watoto wadogo. Alinitumia maelezo kwa maandishi na kunipa hadi Ijumaa. Nilikataa. Akanishukuru, na mwaka uliofuata akanitafuta tena na jambo lililonifaa. Ndiyo kazi niliyonayo sasa. Sisemi haya kumsifu tu. Nasema kwa sababu watu hudhani ukimkataa wakala mara moja umejifungia riziki, na mimi niliyekubali kwa wakala wa kwanza ndiye aliyefungiwa.

Tofauti yao haikuwa tabasamu. Ilikuwa kwamba mmoja alikubali kuandika. Ukimwomba mtu anayekusukuma aweke kwenye maandishi jina la mwajiri, mshahara kabla ya makato, aina ya mkataba, kituo cha kazi na sababu ya nafasi kuwa wazi, unapata kimoja kati ya viwili: anaandika, nawe una kitu cha kusoma ukiwa umetulia, au anaanza kukuambia kwamba huna imani naye. Hilo la pili nalo ni taarifa. Mwambie pia saa za kukupigia. Mtu aliyeajiriwa hawezi kuwa anatoka nje kila dakika kumi kuongea kwa kunong'ona. Mwajiri wa sasa ana macho. Na usaili ukiwa Dar es Salaam, uliza nauli ni ya nani. Treni imerahisisha safari, ndiyo, lakini nauli ya kawaida ilipotangazwa mwaka 2024 ilikuwa 31,000 kwenda tu. Kwa mtu asiye na mshahara, usaili wa hatua tatu ni karibu laki mbili kabla hajala. Wakala anayesema "panda ya asubuhi, jioni umerudi" anatumia hela isiyo yake.

Saa kumi ilikwishapita tukiwa bado tunakula. Mfumo uliosemwa kwamba utafungwa haukufungwa, maana saa mbili usiku simu iliita tena. Shangazi akatuliza redio. Binti akaniangalia, mimi nikaangalia daftari. Akapokea, safari hii bila spika, lakini sauti yake niliisikia vizuri.

"Shikamoo kaka. Hapana, sijaamua. Naomba unitumie kwa barua pepe jina la kampuni, mshahara kabla ya makato, na aina ya mkataba. Nikisoma nitakujibu Jumatano. Na nikiichukua, nitampa mama mwenye duka siku zake 28."

Upande wa pili uliongea muda mrefu. Alisikiliza, mkono mmoja ukiwa juu ya ile namba ya penseli.

"Nimekuelewa kaka. Lakini wasifu wangu naomba usiutume kwingine mpaka nikuambie. Na kabla ya Jumatano usinipigie."

Akaiweka simu juu ya ndoo, akaenda kuosha sinia.